Ufunguo Apewe Wening

Usiku wa kuamkia harusi ya binti yake mdogo, Bu Sarinten alikaa kwenye kizingiti cha jiko la nyuma, akisikiliza kila pikipiki iliyopita barabarani. Zilipita nyingi, hakuna iliyokata kona kuingia kwake. Nyuma yake wanawake wa kitongoji kizima cha Pandanan, kule Java, walikuwa wamekaa mikekani. Wengine walimenya vitunguu, wengine walikuna nazi, wengine walifunga vitonge vya wali wa kunata ndani ya majani ya mgomba. Walicheka mpaka machozi yakawatoka, mengine ya vitunguu, mengine ya vituko vya Parsi, mdogo wake Bu Sarinten, ambaye akifungua mdomo hakuna anayebaki na uso mkavu. Bu Sarinten peke yake hakucheka. Alasiri ile Mbah Wagiyem alikuwa ameteleza kisimani. Pak Ngadiyo, mume wa Bu Sarinten, alimkimbiza bibi huyo hospitali, na mpaka saa ile hakuwa amerudi wala kupiga simu.

Alimhurumia bibi wa watu, hilo halina ubishi. Lakini wasiwasi wake ulikuwa na sababu ya pili. Mbah Wagiyem ndiye mshika stoo wa sherehe zote za Pandanan. Chakula chote cha harusi hukaa stoo, kilichopikwa na kisichopikwa, na mtu mmoja tu ndiye anayeingia humo. Huingia kabla ya alfajiri, hufunga mlango, hutoa vitu kidogo kidogo kupitia kidirisha, na hatoki mpaka wageni wote wamekula. Mwenye sherehe mwenyewe haruhusiwi hata kuchungulia.

Aliyetaka kujua umuhimu wa mshika stoo alimuuliza Parsi. Mwaka juzi, alipomtahirisha mwanawe, Parsi aliona Mbah Wagiyem mkali mno, akashika stoo mwenyewe. Parsi ana roho nzuri. Ubaya wake ni kwamba hawezi kumwambia mtu hapana, na katika hilo hana tofauti na Pandanan nzima, maana pale mtu yuko radhi kuugua jino mwezi mzima kuliko kumnyima jirani usoni. Basi aliyebisha hodi alipewa. Huyu aliomba kidogo tu cha mkwe wake, yule kidogo tu cha mtoto aliyebaki nyumbani, mwingine kidogo tu cha dereva. Wali ukaisha na safu tatu za viti hazijaona sahani. Wageni wale walipewa chai mara ya pili, kisha wakapewa chai mara ya tatu. Mpaka leo, mtu wa Pandanan akinywa chai nyingi huulizwa kama ametoka kwa Parsi.

Na kesho wanakuja watu wa Boyolali, upande wa bwana harusi. Bu Sarinten alijua vizuri kwamba wali ukiwapungukia wale, si yeye atakayeipata aibu. Ataipata Ambar, binti yake, mezani kwa mama mkwe, mwaka baada ya mwaka, kila sufuria itakapofunuliwa.

"Dada, ingia ndani, umande unakunyeshea," Parsi aliita.

"Nasubiri."

"Kusubiri kwako hakuiwashi hiyo pikipiki. Na kaa mbali kidogo na vitunguu vyangu, jasho lako linanishinda nguvu."

Wanawake wakaangua kicheko. Bu Sarinten hakuwa ameoga tangu jana. Mzee Karto, mzuia mvua, alikuwa ameshachomeka pilipili na vitunguu kwenye njiti na kuzisimamisha uani, lakini kazi yake haishiki kama mwenye sherehe atajimwagia maji. Kwa hiyo alinuka, na alijua ananuka, na hiyo nayo ilimtia wasiwasi.

Hatimaye taa ikakata kona. Pak Ngadiyo alizima pikipiki, akavua kofia ngumu, na tayari alikuwa anacheka.

"Vipi?" Bu Sarinten alisimama.

"Mguu umevunjika. Mdomo mzima."

"Usinitanie, Pak!"

"Nakutania nini? Amefungwa plasta mpaka gotini, na amewagombeza manesi kwa sababu uji wao ni maji matupu. Nimewaacha wanamwogopa." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo mweusi uliofungwa kamba ya katani. "Amesema ufunguo apewe Wening."

Visu vilisimama kwenye vitunguu.

"Wening yupi?" Parsi aliuliza.

"Pandanan ina Wening wangapi?"

Wote wakageukia pembeni, kwenye beseni la majani ya mgomba. Wening, binti mkubwa wa nyumba ile, alikuwa anafuta majani kwa kitambaa, jani baada ya jani. Hakuinua kichwa. Ungedhani anasemwa mtu wa kijiji kingine.

Bu Sarinten alimvuta mume wake nyuma ya pipa la maji. "Kampigie simu Mbah. Mwambie amekosea. Mtoto yule hata muuza chumvi akipita humwitikia kwa kichwa. Atawezaje kusimama mbele ya hawa?"

"Hatasimama mbele yao. Atakaa nyuma ya mlango."

"Ngadiyo!"

"Mimi nimetumwa tu. Na Mbah kasema ukibisha nikwambie hivi: mpe yule aliyekataa kutoka kwenye tenga. Kasema mwenyewe utaelewa."

Bu Sarinten alielewa, na kuelewa kwenyewe hakukumpunguzia kitu.

Lilikuwa jambo la zamani. Mtoto wa pale akitimiza miezi saba ya Kijava hukanyagishwa udongo kwa mara ya kwanza, hupandishwa ngazi ya miwa, kisha huingizwa kwenye tenga kubwa la kuku lililopambwa maua. Ndani huwekwa kitana, pesa, kalamu, shanga, kitabu, na chochote atakachokishika watu husema ndiyo njia yake. Siku ya Wening walimfikisha kwenye mlango wa tenga, akagoma. Hakulia. Alishika mlango huku na huku kwa vimikono vyake, akatazama kitana, akatazama pesa, akageuka akawatazama watu mmoja mmoja, kama mnunuzi wa ng'ombe. Watoto waliokuja kugombania sarafu walichoka, wakaenda kucheza. Shangazi mmoja akasema tumsukume. Mbah Wagiyem, aliyeongoza shughuli, akampiga shangazi mkono. "Huyu anaangalia kwanza. Mwacheni." Baada ya muda mrefu Wening akaingia mwenyewe kwa magoti. Hakushika kitu chochote. Aliketi katikati, akashika fito za tenga, na walipotaka kumtoa akang'ang'ania, mpaka ikabidi tenga linyanyuliwe, na yeye nusura anyanyuke nalo.

Bu Sarinten alilia usiku ule. Mtoto asiyeshika kitu atakuwa nani?

Ambar alipozaliwa miaka minne baadaye, aliingia tengani akicheka, akashika kila kitu, akatia pesa mdomoni, akanyoosha mikono abebwe na mpiga picha. Hapo ndipo Bu Sarinten alipoanza ile kazi ya kulinganisha, ambayo mama akishaianza haimwachi.

Wening alichelewa kusema. Watu wakashauri mkunga, samaki mrefu wa tope, apitishwe midomoni mwake ili ulimi ulainike. Bu Sarinten alimshika mtoto, Pak Ngadiyo alimshika mkunga, na mkunga naye alikuwa na mipango yake. Aliponyoka, akaingia ndani ya saruni ya Pak Ngadiyo, na yule mwanamume mzima akaruka uani akipiga mayowe kama bibi harusi aliyeona panya. Wening alicheka mpaka akaanguka. Kisha akasema neno la kwanza ambalo majirani walilisikia: "Tena."

Chekechea alisimama nje ya geti asubuhi baada ya asubuhi, mfuko wake mgongoni, akichungulia wenzake wanavyoimba. Bu Sarinten alijificha nyuma ya kibanda cha muuza tofu, jibini ya soya, akimtazama. Siku moja, bila kuambiwa na mtu, Wening akaingia. Mchana mwalimu alimpeleka nyumbani mwenyewe. "Bu, mtoto wako hana shida ya kuingia," alisema. "Ana shida ya kutoka. Nimemkuta kakaa darasani peke yake, anapanga viti vya wenzake kwa ajili ya kesho."

Watu walitafuta sababu. Wengine walisema ni siku aliyozaliwa, Jumanne ya Kliwon katika kalenda ya Kijava, na watu wa siku hiyo wana moto ndani na jiwe nje. Wengine walisema mama alikula sana kachumbari ya papai bichi akiwa na mimba. Mama yake Bu Sarinten, alipokuwa hai, alikuwa na sababu yake: "Wewe ulipokuwa mchanga jani likidondoka unaamka. Umezaa mtoto anayetazama jani likidondoka mpaka lifike chini. Ninyi ni wale wale."

Bu Sarinten hakuona ni wale wale vipi.

Akiwa na miaka kumi na sita Wening aliingia kwenye kazi ya baba yake ya tempe, vipande vya soya iliyochachushwa ndani ya majani. Alitazama wiki kadhaa bila kugusa soya hata punje. Alipoanza, hakuna aliyemweza. Tempe haitaki mtu wa pupa. Ukifungua jani kabla ya wakati kuona kama imeshikana, umeiharibu, na Pak Ngadiyo alikuwa mtu wa kufungua. Wening alimnyang'anya rafu nzima. "Baba, usiwachungulie wamelala," alimwambia.

Ndani ya nyumba alikuwa hivyo, mtu wa maneno machache yanayokaa kifuani wiki nzima. Watu wa nje hawakuamini. Wao walimwona anaitikia kwa kichwa, wakadhani ni mwoga au ana maringo. Mteja mmoja wa sokoni aliwahi kumlilia apunguze bei. Wening alimtazama tu, bila kukunja uso, mpaka mteja akalipa na kununua tempe mbili zaidi. Mchumba mmoja naye aliletwa, mwalimu wa michezo, akakaa sebuleni akijisifu tangu adhuhuri mpaka kuku wakaingia bandani. Aliponyamaza kuvuta pumzi, Wening akamuuliza kwa upole, "Umemaliza?" Hakurudi tena. Bu Sarinten aliumwa kichwa siku tatu, wakati Ambar na dada yake walicheka chumbani mpaka kitanda kikavunjika tendegu.

Huyo ndiye aliyetumiwa ufunguo.

Parsi alikuwa ameshasimama, anajifuta mikono. "Dada, nipe mimi. Safari hii nimejifunza."

Hakuna aliyemwambia hapana, maana ni Pandanan. Kila mtu alitazama kitunguu chake. Mmoja tu, mama mzee kwenye mbuzi ya nazi, aliuliza taratibu, "Chai ipo ya kutosha?"

"Mnaniua bado mzima!" Parsi alipiga kelele, akacheka kuliko wote, akaketi.

Bu Sarinten akaenda kwenye beseni la majani, ufunguo mkononi, akachuchumaa. "Mwanangu, umesikia?"

"Nimesikia."

"Ukiogopa, sema. Si aibu. Tutatafuta mtu."

"Siogopi."

"Basi mbona umenyamaza?"

Wening alikung'uta jani. "Nawafikiria watu wa Boyolali."

"Wamefanya nini?"

"Walipokuja kumposa Ambar. Nawafikiria tu." Akanyoosha mkono bila kumtazama mama yake, na ufunguo ukaondoka.

Kabla ya adhana ya alfajiri walifukiza ubani kidogo mbele ya stoo na kumwaga chumvi kwenye pembe nne. Wening alifika na mtungi wa maji, mkeka, na fagio jipya. Mlangoni akasimama. Akaweka mkono wa kulia kwenye mwimo mmoja na wa kushoto kwenye mwingine, akatazama ndani: magunia ya mchele, masufuria ya kuku waliochemshwa kwenye tui, mitungi ya sukari, vikapu vya vitafunwa mpaka darini. Alitazama muda mrefu. Vijana waliokuja na kapu la wali wa kwanza walisubiri nyuma yake, shingo zinawauma. Bu Sarinten alijikuta amejibanza nyuma ya pipa la maji, kama siku zile za kibanda cha tofu. Kisha Wening akaingia, na komeo likalia.

Asubuhi ndoa ilifungwa vizuri, Ambar akalia kidogo na kucheka sana. Lakini masikio ya Bu Sarinten yalikuwa uani. Malalamiko yalianza kabla jua halijapanda.

"Wening, mwanangu," Parsi aliongea kwenye kidirisha kwa sauti ya asali, "nipe mapaja matatu manne hivi ya kuku, kuna wapiga ngoma hawajala."

"Wamekula. Uji na mayai."

"Basi wapate na kuku."

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado."

Mwingine akaja kuomba kikapu cha wajik, kile kitamu cha wali na sukari ya mnazi, amtangulizie mke wa diwani. Bado. Mwingine sukari ya chai ya wazee. Hiyo ilitoka, kwa kipimo cha kikombe, na kidirisha kikafungwa. Mwingine alikuja na kikapu chake mwenyewe, kimefunikwa kitambaa, "kidogo tu" cha mama yake mgonjwa. Kidirisha kilifunguka, ikatoka sahani moja iliyopangwa vizuri, wali, kuku, sambal ya pilipili. Na sauti: "Ya mgonjwa. Kikapu kirudishe nyumbani."

"Loo! Huyu mtoto kameza kufuli?"

"Benki nzima ya Klaten mjini haina mlinzi kama huyu."

"Mwiteni Bado kuliko kumwita Wening. Bado binti Ngadiyo!"

Walisema kwa kucheka, lakini kicheko cha Pandanan kina mifupa ndani yake, na Bu Sarinten aliihisi yote. Kesho watasema kwa Sarinten mtu ananyimwa usoni. Alipita hapa akiomba radhi, akapita pale akiomba radhi. Mwisho hakuvumilia, akaenda kidirishani, akagonga kwa kucha.

"Wening. Ni mama."

"Naam, Mama."

"Wape angalau wapishi. Wananisema."

Kidirisha kilifunguka kidogo. Jicho moja la Wening lilimtazama, tulivu kama maji ya mtungi. "Mama, umeoga?"

"Nioge mvua ije? Tangu juzi sijagusa maji."

"Unajisikiaje?"

"Nawashwa mwili mzima! Unauliza ya nini?"

"Basi Mama shikilia lako, na mimi nishikilie langu."

Kidirisha kikafungwa. Nyuma yake Bu Sarinten akasikia mtu anakoroma kicheko. Ni Pak Ngadiyo, amebeba kuni, hana hata aibu.

Saa ya wageni ilipofika, mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Pandanan kama godoro bichi. Mzee Karto alizunguka njiti zake za pilipili akinong'ona. Mabasi mawili ya Boyolali yaliingia kama walivyoahidi. Nyuma yake likaingia la tatu, ambalo hakuna aliyeliahidi. Watu waliteremka na watoto, na watoto wa jirani, na bibi aliyebebwa mgongoni. Viti viliongezwa kutoka msikitini. Mwimbaji aliimba, msemaji akaanza hotuba kwa Kijava kile cha heshima ambacho nusu ya vijana hawakijui.

Vijana wa sinia walijipanga mstari kutoka jikoni mpaka turubai la wageni. Kwa watu wale chakula hutoka kwa zamu, wote kwa pamoja: chai na vitafunwa, kisha supu, kisha wali, mwisho barafu ya sharubati, na mgeni akishaiona barafu anajua ni ishara ya kuaga. Chai ilitoka vizuri. Supu ikatoka vizuri. Vibakuli vya supu vikaanza kurudi, sahani za wali zimepangwa mezani, tupu, na kidirisha cha stoo kimefungwa.

"Wening!" Parsi aligonga. "Wali!"

"Bado."

Sasa hakuna aliyecheka.

"Bado gani tena? Watu wamemaliza supu!"

Parsi alisukuma kidirisha, hakikusogea.

Bu Sarinten alisukuma watu, akafika mlangoni penyewe. Pale mwenye sherehe hatakiwi kufika, lakini miguu ilimpeleka. Aligonga kwa kiganja. "Mwanangu, fungua. Kama umeogopa, fungua tu, watu wengine watagawa. Hakuna atakayekugombeza."

"Mama, angalia barabarani."

"Barabarani kuna nini? Wote wameshafika!"

"Siku ya posa waliingia wangapi mwisho?"

Bu Sarinten alitaka kujibu kwamba huu si wakati wa mafumbo. Kisha akakumbuka. Siku ya posa yeye na Parsi walikuwa sebuleni wanacheka na wageni, na Wening alikuwa jikoni dirishani, na watu wa Boyolali walipokuwa wameshaanza kula liliingia lori, limejaa wajomba, limechelewa kwa sababu lilisimama kila kijiji kuchukua mmoja zaidi. Walikula makombo, wakiwa wamesimama. Kila mtu aliliona kama kichekesho, likasahaulika.

"Pak!" alimwita mumewe. "Mwambie msemaji arefushe!"

"Arefushe nini? Ameshamtaja babu wa babu!"

"Amtaje na baba yake huyo!"

Pak Ngadiyo alikimbia. Sauti ya msemaji, iliyokuwa inaelekea mwisho, ikavuta pumzi na kurudi nyuma vizazi vitatu. Vijana wa sinia walibadilisha mguu wa kusimamia. Tone moja la mvua lilianguka kwenye mkono wa Bu Sarinten, moja tu, akalifunika kwa kiganja kingine kana kwamba wengine wasilione. Parsi alikuwa anauma kucha. "Dada," alinong'ona, "lisipokuja hilo lori, itakuwaje?"

"Sijui."

"Na likija?"

"Sijui, Parsi, nyamaza!"

Likaja. Lilisikika kwanza honi yake, halafu nyimbo, kisha likakata kona kuingia, limejaa wajomba na mashangazi wa Boyolali, wanapunga mikono, wanaomba radhi kwa kuchelewa, wanacheka wenyewe. Viti vilinyanyuliwa juu ya vichwa. Wakakalishwa wote, mpaka mtoto wa mwisho kwenye paja la mwisho. Vibakuli vya mwisho vya supu vikaenda. Uani kukatulia.

Komeo likalia.

Mlango wa stoo ulifunguka mpaka ukagonga ukuta. Mvuke ulitoka kwanza, kisha harufu ya tui na majani ya mgomba, halafu watu wakaona: vikapu vya wali vimefunikwa, safu juu ya safu, kuku wote, wajik wote, vile vyote vilivyoombwa tangu asubuhi na kila "kidogo tu" iliyonyimwa. Wening alikaa katikati kwenye mkeka wake, miguu kaikunja, mwiko mkononi, jasho linamtiririka.

"Sasa," alisema.

"Kumbe ana neno la pili!" Parsi alipiga kofi, na uani pote pakalipuka. Yule mama mzee wa nazi alicheka akiwa anafuta macho. "Haya, sinia! Sinia!" Mstari ukaanza kwenda, sahani zikapita mkono kwa mkono kuelekea turubai, na zikaendelea kupita. Hakuna mtu aliyerudi kuuliza kama zinatosha.

"Toka nje basi upate upepo," Bu Sarinten alimwambia. "Umefungua, kazi imekwisha."

"Sitoki." Wening aliweka mikono yake huku na huku ya kikapu, vile vile alivyoshika fito za tenga. "Natoka wa mwisho akishakula."

Bu Sarinten alisimama mbele ya mlango ule ulio wazi, akamtazama binti yake vizuri, kwa mara ya kwanza bila kumlinganisha na mtu. Kisha akajikuna shingo, kwa sababu ilimuwasha kweli.

Wening alimwona, akamnyooshea mwiko. "Na wewe, Mama, bado. Usiguse maji mpaka waone barafu."